Viti Viko kwa Majirani

Novena ya Eliécer Padilla, zile siku tisa za rozari ya msiba, ilipokwisha walishusha altare, wakakunja shuka jeupe, wakamwaga ile glasi ya maji aliyokuwa amewekewa marehemu, kisha kila mtu akashika njia kwenda kwake. Deyanira, mkewe, alibaki amesimama katikati ya sebule. Hakusimama kwa huzuni, ingawa huzuni ilikuwapo ya kumtosha yeye na wengine. Alisimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

Mtaani kwetu Caño Hondo, mtu akifa, sebule yake hutolewa kila kitu kabla hata maiti haijaoshwa. Jeneza linataka nafasi, wasali rozari wanataka nafasi, na waliotutangulia walisema si vizuri kiti alichokikalia mtu kikae kinamtazama akiwa amelala. Basi wanaume hubeba, na kila kitu huingia kwenye mlango ulio karibu. Viti vya mbao vya Eliécer, pamoja na vile viwili vya bembea na televisheni, vilivuka barabara hadi kwa Nicolasa Mármol, mshonaji. Kabati la vyombo lilikwenda kwa Tulio kinyozi. Meza ndogo ya katikati ililetwa kwangu, nami niliweka redio juu yake, maana meza nayo haifai kukaa bure.

Kutoa ni rahisi. Kurudisha ndiko kwenye utaratibu. Hakuna jirani anayerudisha kiti bila kuambiwa, kwa sababu kumpelekea mjane kiti chake ni kumwambia umelia vya kutosha, sasa basi, na nani kati yetu ana mdomo wa kusema hivyo? Mjane naye havifuati. Novena ikiisha, mtoto wa kwanza hupita mlango kwa mlango, anasalimia, halafu anasema: "Baba ameshaondoka. Nimekuja kuchukua viti." Hayo tu. Viti hurudi siku hiyohiyo, watu wakavikalia humohumo wanywe kahawa, na nyumba ikaanza kupumua tena. Maneno hayo huachiwa mtoto ili mjane asiyatamke kwa kinywa chake. Mjane akiyatamka mwenyewe, ujue hana mtoto, au anaye ambaye ni heri angemkosa.

Deyanira alikuwa na mmoja, Argemiro, mlinzi wa jengo la maofisi kule mjini Barranquilla. Alikuja kumzika baba yake. Alibeba jeneza pasipo kutoa chozi, watu wakamsifu kwa kujikaza kisabuni. Siku ya tatu ya rozari akasema wakubwa zake kazini hawaelewi mambo ya msiba, akapanda basi la alfajiri. Novena ikaisha bila yeye.

Kwa hiyo sote tukakaa tunamngoja Argemiro. Nicolasa alimngoja, Tulio alimngoja, mimi na redio yangu tulimngoja. Na Deyanira, aliyejua kwamba tunamngoja, alikuwa akiomba kimoyomoyo tusichoke, maana siku tutakayochoka ndiyo siku jina la mwanawe litakapoanza kutafunwa mtaani.

*

Wiki zikapita. Sebule tupu ina sauti yake. Ukikohoa unajibiwa. Deyanira alipofagia, ufagio ulitoa mlio kama wa mtu mwingine anayefagia chumba cha pili, na mara moja moja alisimama kusikiliza, huku akijua vizuri hakuna mtu. Sakafuni palikuwa na alama za miguu ya viti, zile sehemu ambazo saruji imebaki nyeusi kwa kutokanyagwa miaka mingi, naye alizizunguka alipopita, asizikanyage, utadhani viti bado vipo.

Chakula alikula jikoni, kwenye kigoda cha kukunia nazi. Mchana alijilaza kwenye bembea ya kamba chumbani. Lakini jioni, jua linapopungua ukali na mtaa mzima unapotoa viti mlangoni, hakuwa na cha kutoa. Aliegemea dirisha la sebule, akasalimia wapitao.

"Habari za jioni, Deyanira."

"Njema. Karibuni."

"Tumeshakaribia."

Nao wakapita. Wangeingia wakakae wapi? Hakuna adhabu kama kumkaribisha mtu kwako kisha ukamwacha amesimama kama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Zamani nyumba ile ndiyo ilikuwa baraza la mtaa. Eliécer alikuwa na domino na ubishi, mke wake alikuwa na kahawa, na tamthilia ya jioni hatukuijua tukiwa kwingine ila pale. Sasa tamthilia ileile, kwenye televisheni ileile, tuliitazama kwa Nicolasa.

Deyanira aliisikia. Barabara yetu si pana, na televisheni yake alikuwa anaijua sauti. Ilikuwa na mkwaruzo upande mmoja tangu Eliécer alipoiangusha. Alisikia wimbo wa kufungulia, akasikia tunavyocheka, akasikia mtu akisema huyu mwanamke kwenye tamthilia ni mjinga, anaachwa hivi hivi hata haulizi. Siku moja, dirishani kwa Nicolasa, aliona kiti cha bembea cha mumewe kikienda mbele na nyuma, na aliyekikalia alikuwa msichana mdogo wa kwa kinyozi anakula mkate wa mahindi. Deyanira hakukasirika. Aliutazama ule mwendo wa kiti mpaka msichana aliposhuka, na kiti kilipoendelea kidogo peke yake, akaondoka dirishani.

Nicolasa naye, tuseme ukweli, hakuwa mwizi wala mchoyo. Kila Jumamosi alivipangusa vile viti kwa kitambaa na mafuta, akavifunika miguu isiliwe na unyevu. Ni yeye mama wa ubatizo wa Argemiro, aliyemshika kisimani kanisani, na kila basi la Barranquilla liliposimama njia panda alinyoosha shingo. Lakini Nicolasa hakuwahi kuolewa, na sebule yake miaka yote ilikuwa cherehani, mkasi na yeye. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanamwuliza asubuhi, shoga, leo unatupikia kahawa saa ngapi? Alianza kufunga kilemba kizuri jioni. Akinyoosha shingo kutazama basi, na akaona Argemiro hakushuka, moyo wake ulishuka na kupanda kwa wakati mmoja, naye hakupenda kuuchunguza sana moyo huo.

*

Argemiro alikuwa akipiga simu kila Jumapili, ile ya kuonana sura. Deyanira aliipokea jikoni siku zote, akaegemeza simu kwenye chungu. Jumapili moja Argemiro alilalamika kwamba kuna giza, anaona pua tu, ahamie penye mwanga. Mama yake, bila kufikiri, akatoka na simu mkononi hadi sebuleni.

"Mama, hebu geuza. Hiyo ni sebule?"

"Ni sebule."

"Viti viko wapi?"

"Viko kwa majirani."

"Tangu msiba? Mama, hao si wameshavifanya vyao?"

"Hakuna aliyevifanya vyake. Wanakungoja wewe, mwanangu. Ungekuja hata siku moja tu, ukapita, ukasema yale maneno, vingerudi kabla jua halijazama."

Argemiro akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nipande basi kutwa nzima, nipite milango ya watu kuomba viti vyetu wenyewe?"

"Si kuomba. Ni kusema."

"Kusema nini? Kwamba baba kafa? Nani hajui?"

Kwenye simu uso wake ulisogea pembeni, likabaki sikio. Deyanira alilitazama sikio lile la mtoto wake, akaona angeweza kumjibu, lakini si kwa simu.

Uso uliporudi, ulikuwa umeshakata shauri. Argemiro alisema jambo hili alikuwa analifikiria tangu mazishi, na sasa amejionea. Nyumba haina hata kiti, mama anaishi kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Kuna mtu amempata, anaitwa Rosendo Vergara, anauza kuku, anatafuta nyumba iliyo kando ya barabara afungue duka. Analipa vizuri na halipi kwa maneno. Mama atakuja kukaa nao Barranquilla, atalala chumba kimoja na mjukuu wake, na kanisa lipo karibu.

"Mimi siuzi nyumba, Argemiro."

"Sasa humo unakaa na nani, mama? Na unakalia nini?"

Swali lilikuwa moja lakini lilimchoma mara mbili, mara kwa mume, mara kwa viti. Argemiro akasema atakuja naye Jumapili ijayo, mtu aione tu, kuona si kununua. Kisha akaaga, akasema ajifunike usiku kuna mbu.

Deyanira alisimama pale sebuleni na simu iliyozimika. Akaona jambo limekuwa jepesi kulielewa, gumu kulitenda. Sebule ikiwa na viti Jumapili, Argemiro hatakuwa na la kusema mbele ya huyo mwuza kuku. Ataona nyumba ya mtu anayeishi. Sebule ikiwa tupu, nyumba imekwenda. Na viti vyake mwenyewe, vinavyoonekana dirishani kwa jirani, hawezi kuvifuata bila kumvua nguo mwanawe mbele ya mtaa mzima. Angesema nini? Kwamba mtoto nimemwomba akakataa? Hilo alikuwa radhi alimeze kuliko kulisema.

*

Katikati ya wiki alipita yule mchuuzi wa kutoka milimani, anayesukuma mkokoteni uliojaa ndoo, masufuria, mapazia na viti vya plastiki vilivyopachikana hadi juu. Watu wa milimani hukopesha mama yeyote mwenye mlango. Unalipa kidogo leo, kidogo akipita tena. Deyanira akamwita. Alitaka viti sita vyeupe, na kitambaa cha meza chenye maua, ingawa meza ilikuwa kwangu.

Mchuuzi akashusha viti kwa furaha, akachomoa kalamu sikioni. Kisha akauliza kama mwenye nyumba yupo.

"Ndiye mimi," akasema Deyanira.

"Nina maana baba."

"Baba hayupo."

Mchuuzi akachungulia ndani kwa juu ya bega lake, aone viti vitapangwaje. Akaona kuta nne na sakafu. Kalamu ikarudi sikioni. Akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba samahani mama yangu, lakini yeye amekwisha umia mara nyingi. Nyumba inayohama haikopeshwi.

"Sihami."

"Wote husema hivyo, mama."

Deyanira akaingia chumbani, akafungua kopo alimokuwa ametunza fedha za misa ya marehemu. Zilitosha viti viwili. Mchuuzi alizihesabu mara mbili mbele yake, akamshushia viti viwili, akapachika vingine, akakirudisha kitambaa cha maua kilipotoka. Deyanira alivibeba mwenyewe kuingiza ndani, kimoja kila mkono, na havikuwa na uzito wowote. Alivipanga vikitazamana. Sebule ikaonekana tupu zaidi ya pale mwanzo.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umeona. Kwetu, kununua viti vipya wakati vyako viko kwa majirani ni kusema kwamba vile vya zamani vimeshanajisika kwa makalio ya watu, vikae hukohuko. Deyanira alilijua hilo tangu utotoni, lakini hofu ya Jumapili ilikuwa imemfumba macho. Habari ilifika kwa Nicolasa kabla mkokoteni haujakunja kona. Ikamuuma. Ikamuuma hasa kwa sababu ya ule moyo wake uliokuwa ukipanda na kushuka. Mtu mwenye hatia kidogo moyoni hukasirika haraka kuliko mwingine.

Jioni ile Nicolasa alisimama mlangoni kwake akizungumza na mwuza muhogo, ila sauti aliirusha ng'ambo.

"Siku hizi watu wana hela, bibi wee. Kiti cha mumeo kinapanguswa kila Jumamosi na mtu asiyelipwa, wewe unajinunulia cha plastiki. Pengine sisi tuna upele."

Mwuza muhogo akacheka, akatazama chini. Deyanira alikuwa dirishani. Angeweza kujibu, hakuwa mwanamke wa kukosa jibu, tunamjua. Lakini kila jibu alilolishika lilikuwa limefungwa kamba kwa jina la Argemiro, ukilivuta nalo linakuja. Akavuta mbao za dirisha, akafunga. Caño Hondo hatufungi madirisha jua likiwapo, labda kwa mvua ya upepo. Tuliosikia komeo lile likiingia tulitazamana, na hakuna aliyecheka tena, hata Nicolasa.

*

Jumapili Argemiro alikuja na gari la huyo mwuza kuku. Don Rosendo alikuwa mtu mnene mwenye adabu, alivua kofia mlangoni, akampa Deyanira pole ya msiba na kuku wawili waliokwisha nyonyolewa ndani ya mfuko. Halafu akaingia, akaketi kwenye kiti kimoja cha plastiki. Argemiro akaketi kwenye cha pili. Deyanira akabaki amesimama na mfuko wa kuku mkononi, ndani ya sebule yake mwenyewe, na ikapita muda kabla ya mwanawe kugutuka na kusema mama, kaa hapa. Akasema haidhuru, amezoea.

Don Rosendo akatoa utepe wa kupimia. Alipima ukuta wa mbele, akagonga kwa kifundo cha kidole asikie kama ni tofali. Alisema hapa atabomoa, aweke mlango wa kukunja. Jokofu la kuku litakaa pale, akaonyesha, na pale alipoonyesha ndipo jeneza lilipokuwa limekaa. Hakujua, ataambiwa na nani. Argemiro alijua. Deyanira alimtazama mwanawe aone kama atasema neno, Argemiro akawa anatazama utepe.

"Na vyombo mmeshahamisha," akasema Don Rosendo kwa kuridhika. "Vizuri sana. Hilo ndilo huchelewesha watu."

Argemiro akakohoa, sebule ikakohoa naye. "Ndiyo," akasema. "Karibu kila kitu kimeshatoka."

Deyanira akaweka mfuko wa kuku sakafuni, pembeni, wasikanyagwe. Akajifunga mtandio wake mweusi vizuri. Mwanawe akamwuliza anakwenda wapi, akasema anakuja.

Tulikuwa kwa Nicolasa, tunatazama mchezo wa besiboli. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni. Tulimwona anavuka barabara na nguo zake za msiba, jua la mchana limemkalia kichwani, na kwetu mjane haendi mlangoni kwa mtu kabla ya mwaka kuisha, isipokuwa kanisani. Tukaanza kusimama mmoja mmoja bila kuambiana, kama watoto waliokutwa wamepanda kitanda cha wazazi. Nicolasa akazima televisheni. Alidhani amekuja kumjibu ule upele wake, akawa ameshaandaa uso.

"Karibu, shoga," akasema.

"Siingii. Nimekuja kusema."

Alishika mwimo wa mlango. Wengine tulitazama miguu yetu, maana tulikwisha jua ni maneno gani yanakuja na kwamba hayakupaswa kutoka kwake. Tulio akasema taratibu, mama, acha, tutavileta tu. Deyanira akatikisa kichwa.

"Eliécer ameshaondoka," akasema.

Halafu akanyamaza, na katika kunyamaza kule ndipo alipofiwa. Tulimwona anafiwa mbele yetu. Siku zote zile alikuwa amezunguka zile alama za viti sakafuni, sasa amekwisha sema, na neno likisemwa halirudi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Nasi tukadhani amemaliza, tukainama kushika viti.

"Na Argemiro naye ameshaondoka," akasema. "Yule aliyeko pale ni mtu aliyekuja na mnunuzi. Mwenye nyumba ni mimi. Nimekuja kuchukua viti vyangu."

Hakupaza sauti. Lakini barabara yetu, nimesema, si pana, na Argemiro alikuwa amemfuata hadi mlangoni kwao. Alisikia kila neno. Nilimwona anashika mwimo wa mlango kama mama yake alivyoushika huku.

Nicolasa alikuwa wa kwanza kuinua kiti. Alikumbatia kile cha bembea, akapita nacho mbele ya Deyanira, akasimama.

"Nilimngoja kweli, shoga," akasema. "Lakini na mimi nilipata watu humu ndani. Sikutamani sana aje."

"Najua. Nilikuwa nawasikia."

"Sasa nitabaki na cherehani."

"Cherehani ina magurudumu? Vuka nayo."

Nicolasa akacheka na kulia kwa pamoja, akaendelea na kiti chake.

Basi tukabeba. Televisheni, viti, kabati la Tulio lililobebwa na wanaume wanne wakigombana njia nzima, na mimi na meza ndogo kichwani, redio nimeiacha kwangu sakafuni. Don Rosendo bado alikuwa na utepe. Kila alipoukunjua kitu kiliingia katikati, akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, mpaka akawa amebanwa kati ya kabati na ukuta wake atakaobomoa. Alikuwa mwerevu wa biashara. Alikunja utepe, akavaa kofia, akamwambia Argemiro kwamba mkishaelewana nyumbani mtanipigia. Wale kuku wawili hakuwachukua.

Argemiro alikuwa ametoka nje kusaidia. Alishika mguu wa kabati, Tulio akamwondoa mkono kwa heshima. "Acha tu, bwana, utachafua shati." Akaenda kwenye televisheni, vijana wakasema wameshaiweza. Kila aliponyoosha mkono palikuwa na mtu amekwisha shika. Hatukupanga kumfanyia hivyo. Mgeni habebi vitu, ndivyo tulivyolelewa, na mama yake alikuwa ameshatuambia.

Kila kiti kilipowekwa, Deyanira alikisogeza kidogo mpaka miguu yake ikakaa kwenye alama zake za zamani. Alipomaliza alisema, "Kaeni," tukakaa. Kile cha bembea cha Eliécer hakikukaliwa. Argemiro aliachiwa cha plastiki, karibu na mlango. Watu waliulizana habari za mvua na za mto kujaa. Hakuna aliyeigusa habari ya nyumba, kwa kuwa ilikuwa imekwisha.

Deyanira akapika kahawa. Sisi alitupa kwenye vikombe vya bati, vile vilivyobanduka rangi, kila mtu anakijua chake tangu enzi za domino. Kisha akafungua kabati, mkono ukaingia rafu ya juu, ukatoa kikombe cha udongo mweupe chenye mstari wa dhahabu, pamoja na kisahani chake. Kwetu kikombe chenye kisahani ni cha padri, cha daktari, na cha mtu tusiyemfahamu vizuri. Hakukusudia, nitamtetea kwa hilo mpaka kesho. Mkono ulikwenda wenyewe. Alikijaza, akavuka sebule yake iliyojaa watu, akampa mwanawe kwa mikono miwili.

Argemiro akapokea. Akakitazama kile kisahani, mama yake naye akakitazama, wakati huo ndipo wote wawili walipokiona. Sebule nzima tulijifanya tunapuliza kahawa zetu. Deyanira alisimama mbele yake kitambo, kama mtu anayetafuta namna ya kurudi alikotoka na haioni, hatimaye akauliza lile ambalo mama hamwulizi mtoto aliyemnyonyesha.

"Sukari inatosha?"

"Inatosha," akasema Argemiro, na alikuwa bado hajaonja.